Jiwe hili jeusi ni nini? Mwongozo wa kuwafundisha watoto kuitambua hornblendi

Mtoto akiokota kokoto yenye vidoa vyeusi na kuuliza ni nini, jibu atakalopewa mara nyingi ni moja kati ya matatu: makaa ya mawe, chuma, au "hicho kimondo, mwanangu". Yote matatu huwa si kweli karibu kila mara. Vidoa vile ni madini ya kawaida kabisa, na katika miamba ya sehemu kubwa ya Tanzania na mashariki ya Kenya, vingi huwa ni hornblendi au ulanga mweusi, yale madini yanayobanduka magamba membamba yanayong'aa.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mwalimu mwenye watoto wa miaka 8 hadi 13 hivi. Hauhitaji maabara. Unahitaji lundo la kokoto, jua la kutosha na subira kidogo, kwa sababu hatua moja (ile ya kutazama mpasuko) watoto hawaishiki siku ya kwanza.

Kabla ya lolote, wazoeshe jambo hili: rangi ni shahidi dhaifu. Madini meusi ni mengi na yamechanganyika. Kinachoyatofautisha ni namna yanavyovunjika. Mtoto akishazoea kutazama mahali jiwe lilipovunjikia badala ya kusema "ni jeusi", kazi kubwa imekwisha.

Waelezwe nini kwanza

Anza na tofauti ya mwamba na madini, maana hata watu wazima huichanganya. Mwamba ni mchanganyiko. Madini ndiyo viungo vyake. Chukua kipande cha granaiti: chembe za kijivu zinazong'aa kama kioo ni kwatzi, zile nyeupe au za waridi ni feldispa, na zile nyeusi ndizo tunazozitafuta leo.

Hornblendi imo katika jamii ya madini iitwayo amfiboli. Imeundwa kwa silikoni, oksijeni, kalisi, magnesi, alumini na chuma. Chuma ndicho kinachoipa giza lake: nyeusi, kijani cha kukolea, wakati mwingine kahawia. Halafu kuna kitu ambacho watoto hukipenda sana: ndani yake kuna haidrojeni iliyoshikana na oksijeni, yaani maji yaliyofungiwa ndani ya jiwe. Huwezi kuyakamua wala kuyaona, lakini yakikosekana hornblendi haiumbiki. Ndiyo sababu hutokea mahali ambapo mwamba ulioyeyuka ulikuwa na maji ndani yake, au mahali ambapo miamba ya zamani ilipikwa upya chini ya ardhi kukiwa na maji.

Usiku wenye mbalamwezi, waonyeshe madoa meusi ya mwezi. Hayo ni mabonde yaliyojaa lava ya basalti, na weusi wake unatokana kwa sehemu kubwa na pairoksini, binamu ya hornblendi asiyehitaji maji. Miamba ya mwezi ni mikavu mno, kwa hiyo hornblendi huko ni adimu sana.

Vifaa

Lenzi ya kukuzia mara 10 ni bora, ila kamera ya simu iliyovutwa karibu inatosha kwa kuanzia. Tafuta msumari wa chuma, pini, sumaku kutoka kwenye spika mbovu, mswaki wa zamani, ndoo ya maji, na kipande cha kigae cha sakafuni. Cha kigae tunachohitaji ni mgongo wake, ule upande mkavu usiong'aa. Ongeza mkebe wa hisabati wa mtoto, mzani wa jikoni, na jagi jembamba lenye alama za mililita.

Nyundo ni ya mtu mzima peke yake. Jiwe lifungwe kwenye kitambaa kizito kabla ya kugongwa, mgongaji avae miwani ya kinga, na watoto wasimame mbali. Loweka jiwe kwanza ili vumbi lisiruke, kwani vumbi la mawe yenye kwatzi huharibu mapafu. Machimboni msiende, lundo la kokoto la fundi lina kila kitu mnachohitaji, mkiomba ruhusa. Na kabla mtoto hajaingiza mkono kwenye lundo, aligeuze kwa kijiti, kwa sababu nge wanapenda sana mahali kama hapo.

Kuna onyo jingine ambalo watu hulisahau. Baadhi ya ndugu wa hornblendi katika jamii ya amfiboli huota kama nyuzi nyembamba sana, na nyuzi hizo ni aina za asbesto. Mkikuta jiwe lenye nyuzi kama nywele zinazoweza kuchomolewa kwa kucha, msilikwaruze wala msilivunje. Liacheni hapo, mnawe mikono. Hornblendi ya kawaida ya kwenye kokoto ni chembe imara, haina nyuzi.

Mahali pa kutafuta

Hapa pana tofauti kubwa kati ya mji na mji, na ni vizuri kujua ulipo kabla hujawaahidi watoto chochote.

Upande mmoja kuna ule ukanda mrefu wa miamba ya kale uitwao Ukanda wa Msumbiji. Unapita Tanzania kwenda Kenya na kuendelea kaskazini, na miamba yake ilikandamizwa na kupikwa upya zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana. Milima ya Uluguru, Usambara, Upare na Taita imo humo, pamoja na vilima vya Machakos na Kitui. Mwamba wa kawaida huko ni naisi, wenye mistari myeupe na myeusi iliyopangana. Hiyo mistari myeusi ndiyo ya kutazamwa, na hornblendi ni mwenyeji wake. Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kusafiri: kokoto nyingi za mjini hutoka Lugoba, kwenye miamba ya ukanda huohuo.

Mwanza nako kunafaa. Yale majabali ya granaiti yaliyosimama ziwani, likiwemo Bismarck Rock, yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na granaiti za pembeni mwa ziwa hubeba ulanga mweusi, mahali pengine pamoja na hornblendi.

Nairobi mtapata shida. Mawe meusi ya pale ni ya lava, na chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Moshi, Arusha na Tukuyu pia mpo juu ya volkeno. Mkiona fuwele nyeusi fupi nene ndani ya lava, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ogaiti, ambayo ni pairoksini. Hali ni hiyohiyo Goma, chini ya Nyiragongo. Si hasara, maana ogaiti ndiye mpinzani mkuu wa hornblendi na ni vizuri kuwa naye mkononi mkilinganisha. Unguja na Mombasa mpo juu ya mawe ya matumbawe, meupe yote. Tumieni kokoto zilizoletwa kutoka bara.

Mchanga mweusi wa ufukweni usiwadanganye. Mistari myeusi inayobaki wimbi likirudi huwa imejaa madini mazito ya namna nyingine. Mchanga wa Kwale, kwa mfano, ulichimbwa kwa ajili ya ilimenaiti, rutaili na zirkoni.

Hatua ya 1: Osha, kisha tafuta sura mpya

Sugua kokoto kwa mswaki, ziache zikauke nusu. Kila jiwe lina sura kuukuu, iliyopigwa na mvua na jua, na sura mpya iliyovunjwa na mashine. Kwenye sura kuukuu mtaona kutu ya rangi ya chungwa imezunguka chembe nyeusi. Ni chuma cha ndani ya hornblendi au ulanga kinachoshika kutu, na ndicho kimojawapo cha vitu vinavyoupa udongo wa milimani wekundu wake. Mtoto aguse kote kuwili, aone. Baada ya hapo vipimo vyote vifanyike kwenye sura mpya.

Hatua ya 2: Cheza na jua

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo ya kutumia muda mrefu.

Mtoto asimame jua likiwa nyuma ya bega, ashike jiwe karibu na jicho na lenzi, alizungushe polepole mno. Kwa ghafla chembe moja nyeusi itawaka yote kwa pamoja, kisha itazima. Maana yake ni kwamba chembe hiyo imevunjika kwa uso ulionyooka. Akiendelea kuzungusha, chembe hiyohiyo ya hornblendi itawaka mara ya pili kwa uso mwingine. Kati ya nyuso hizo mbili kuna pembe, na pembe hiyo ndiyo kitambulisho: takriban nyuzi 56 upande mmoja, na 124 upande wa pili. Kwa ogaiti, pembe ni 87 na 93, karibu sawa na kona ya daftari.

Kuipima kwa kipimapembe kwenye chembe ya milimita 3 haiwezekani, na ukijaribu mtakasirishana. Fanya hivi: toa kwenye mkebe wa hisabati ile pembetatu yenye kona za nyuzi 30, 60 na 90. Kona ya 60 iwe ya hornblendi, kona ya 90 iwe ya ogaiti. Mtoto atazame chembe kwa ncha yake, kisha atazame kona mbili za pembetatu, aseme inafanana na ipi. Swali linakuwa jepesi: je, imechongoka au ni ya mraba? Watoto wa miaka 9 hulijibu vizuri kuliko wanafunzi wa sekondari, ambao hutaka kwanza kujua jibu linalotakiwa.

Tazameni pia umbo. Hornblendi hupenda kurefuka kama kijiti, na ikikatwa upande huonyesha pande sita. Ogaiti ni fupi, nene, yenye pande nane ikikatwa. Kwenye naisi mtaona vijiti vyeusi vimelala kuelekea upande mmoja, kwa sababu vilikua mwamba ukiwa umebanwa.

Hatua ya 3: Pini na msumari

Ulanga mweusi, ambao wanajiolojia huuita bayotaiti, ndio unaochanganywa zaidi na hornblendi. Pini inamaliza ubishi. Chokoa ukingo wa chembe: ulanga huachia magamba membamba yanayong'aa na kupinda bila kuvunjika, kama kurasa za kitabu. Hornblendi haiachii gamba lolote. Pini inateleza tu, au inamega kipande kidogo chenye ncha.

Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ulanga mweusi ni 2.5 hadi 3, hornblendi ni 5 hadi 6. Msumari ni kama 5 hivi, kwa hiyo juu ya hornblendi utaacha alama kwa taabu au usiache kabisa. Wakati mwingine msumari wenyewe ndio unaobaki juu ya jiwe, ukiacha mstari wa kijivu wa metali. Mwambie mtoto aupanguse kwa kidole kilicholowa: ukitoka, jiwe halikukwaruzwa. Ulanga, kwa taarifa, si mgeni kwetu. Kwenye Milima ya Uluguru ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani.

Hatua ya 4: Kigae na sumaku

Burura chembe nyeusi kwenye mgongo wa kigae. Hornblendi huacha unga wa kijivu hafifu sana, na watoto hushangaa jiwe jeusi kutoa unga usio mweusi. Magnetaiti, madini meusi ya chuma, huacha mstari mweusi tii, na sumaku huivuta. Makaa ya mawe nayo huchafua kigae na vidole, tena ni mepesi mkononi. Turmalini nyeusi ni ngumu zaidi, 7 hadi 7.5, kwa hiyo huweza kukikwaruza kigae chenyewe. Ina mifereji midogo inayokwenda na urefu wake, na ikivunjika haitoi nyuso zilizonyooka.

Hatua ya 5: Uzito ndani ya maji

Mkipata kokoto nyeusi karibu yote, yenye vijiti vinavyometa na vidoa vichache vyeupe, huenda ni amfibolaiti, mwamba ambao sehemu kubwa yake ni hornblendi na feldispa. Mara nyingi amfibolaiti ilikuwa lava ya basalti kabla ya kuzikwa na kupikwa upya. Lava ya volkeno iliyogeuka kuwa kitu kingine: hapo watoto watauliza maswali hadi giza liingie.

Uthibitishe kwa mzani. Kausha kokoto za aina hiyo, pima gramu 600. Tia maji mililita 500 kwenye jagi, zamisha kokoto taratibu, soma maji yalipofika. Yakifika 700, kokoto zimechukua nafasi ya mililita 200. Gawa 600 kwa 200, unapata 3. Rudia kwa gramu 600 za kokoto nyeupe za granaiti: maji yatapanda hadi karibu 725, na jibu litakuwa 2.6 au 2.7. Uzito ni uleule, ila granaiti imehitaji nafasi kubwa zaidi. Chuma na magnesi vya ndani ya hornblendi ndivyo vilivyoleta tofauti. Jagi pana litawavurugia kipimo, kwa hiyo chagua jembamba.

Hatua ya 6: Pembetatu 14 za boksi

Sasa mtoto anajua kwamba ulanga hubanduka, hornblendi hupasuka kwa pembe kali, ogaiti kwa pembe ya mraba. Atauliza kwa nini. Kata pembetatu 14 zinazolingana, zenye pande sawa, kutoka kwenye boksi gumu. Kila pembetatu ni piramidi ndogo ikitazamwa kutoka juu: silikoni moja katikati, oksijeni nne kwenye ncha (ile ya nne imeelekea juu, haionekani).

Panga pembetatu kadhaa kwa mstari, kona kwa kona, moja ikielekea kulia, inayofuata kushoto. Huo ni mnyororo mmoja. Ndivyo ogaiti ilivyojengwa.

Kisha chukua zote 14. Panga 6 zigusane kona kuunda duara lenye tundu la pembe sita katikati. Ongeza 4 kutengeneza duara la pili linaloshirikiana pembetatu 2 na la kwanza, halafu 4 za mwisho kwa duara la tatu. Umepata mnyororo maradufu, na hiyo ndiyo hornblendi. Weka punje ya mchele katikati ya kila tundu: hapo ndipo yale "maji" tuliyoyataja, oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, hukaa.

Mkiwa na pembetatu nyingine, endeleeni kuongeza maduara pande zote hadi mfunike meza. Mnyororo umekuwa utando, na utando ni ulanga. Ndiyo sababu hubanduka: ndani ya utando pembetatu zimeshikana kwa nguvu, kati ya utando na utando kushikana ni hafifu. Kwa minyororo ni hivyohivyo. Jiwe hupasuka likipita katikati ya minyororo bila kuikata, na kwa kuwa mnyororo wa hornblendi ni mpana mara mbili, njia ya ufa inalala zaidi, pembe inakuwa kali.

Maswali watakayouliza

"Inauzwa?" Hapana, si kwa bei ya kufurahisha. Hornblendi si vito wala si mbale ya kuyeyushwa. Hufika sokoni ikiwa ndani ya kokoto. Lakini kuna jiwe moja kutoka Longido, kaskazini mwa Arusha, ambalo huchongwa vinyago na mapambo: la kijani, lenye madoa mekundu na mabaka meusi. Kijani ni zoisaiti, madini yaleyale ambayo yakiwa ya buluu huitwa tanzanaiti. Nyekundu ni rubi. Na yale mabaka meusi ambayo muuzaji huyapita bila kuyataja ni ya jamii ya hornblendi. Ukipita duka la vinyago Arusha, mwonyeshe mtoto.

"Granaiti nyeusi ya makaburini ni hii?" Wauzaji huita granaiti kila jiwe gumu linalong'arishwa. Hilo jeusi mara nyingi ni gabro au dolerati, miamba mingine iliyotokana na mwamba ulioyeyuka, na weusi wake ni wa pairoksini.

"Wanajuaje lina miaka milioni mia tano?" Hornblendi ina potasi kidogo, na sehemu ndogo ya potasi hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa mwendo unaojulikana. Jiwe likishapoa chini ya nyuzi 500 hivi za Selsiasi, gesi hunaswa ndani. Wataalamu huipima na kupiga hesabu ya miaka.

Kuhifadhi

Kila jiwe lipewe namba kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya tone la rangi nyeupe ya kucha iliyokauka. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, mtoto aandike mahali lilipookotwa, tarehe, vipimo alivyofanya na jibu alilofikia. Mahali pasisahaulike: kwa mwanajiolojia, jiwe lisilojulikana lilikotoka lina manufaa machache sana. Kama ni kokoto ya fundi, aandike "lundo la ujenzi" na, fundi akijua, machimbo zilikotoka. Ndani ya hifadhi za taifa msiokote kitu. Pigeni picha na kuweka sarafu pembeni ya jiwe kuonyesha ukubwa. Jibu lisipopatikana aandike "nyeusi, haijulikani", na trei za mayai zenye vyumba 30 zinatosha kuzipanga mpaka atakapopata lenzi nzuri zaidi.